Dakika Tano Kabla ya Keni ya Kwanza: Shajara ya Mradi wa Mafunzo

Januari, wiki ya pili

Mradi umepita, kwa masharti. Kiwanda chetu cha maziwa kinategemea vituo vya kukusanyia vilivyotawanyika vijijini huku Nyanda za Juu Kusini, na kila kituo kina wapokeaji wawili au watatu. Hao ndio mlango. Wakipitisha keni moja iliyoanza kuchachuka na kuimimina kwenye tangi la kupozea, tangi zima limekwenda na maji. Kwa miaka tumewafundisha kwa mtindo uleule: semina ya siku mbili ukumbini mjini, projekta, chai ya saa nne, wali na kuku, cheti, posho. Kabla ya kuondoka wanajaza fomu ya tathmini, na fomu zinarudi zimejaa "vizuri sana". Wiki chache baadaye maabara inalalamika yaleyale: maziwa yenye maji yamepita, maziwa mazuri yamekataliwa, mfugaji kakasirika na kuhamia kwa mchuuzi.

Nimeomba vituo vichache vilivyo karibu, muda hadi Juni, na ruhusa ya kutofanya semina kabisa kwa vituo hivyo. Vituo vingine vitaendelea na ukumbi kama kawaida, hivyo nitakuwa na wa kulinganisha nao. Uongozi umekubali mradi mapokezi yasisimame hata siku moja, na "hayo mambo ya ubongo" yaandikwe kwa namna ambayo hata mhasibu atayaelewa. Mhasibu alikuwepo kikaoni. Hakucheka.

Januari, wiki ya nne

Ukishaandika neno "ubongo" kwenye barua ya ofisi, wauzaji wa mafunzo wanalinusa. Wiki hii nimeletewa pendekezo lenye picha ya kichwa kilichogawanywa katikati, upande mmoja wa bluu na mwingine mwekundu: wafanyakazi wanaotumia ubongo wa kushoto wafundishwe kwa takwimu, wa kulia kwa hadithi. Ukurasa wa pili unawagawa watu kuwa wa macho, wa masikio na wa mikono. Wa tatu una ile piramidi maarufu, kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachofanya.

Nimelirudisha. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia utafiti kuhusu mitindo ya kujifunza, wakahitimisha kwamba ushahidi wa kutosha wa kuwafundisha watu kwa mafungu hayo haupo. Piramidi nayo ina historia ya aibu: Edgar Dale alichora koni yake mwaka 1946 bila asilimia hata moja, namba zikabandikwa na wengine baadaye. Na kuhusu picha za ubongo, mwaka huohuo wa 2008 Deena Weisberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu maelezo ya tabia za binadamu, mengine sahihi na mengine mabovu, kisha baadhi wakayachomekea sentensi za sayansi ya ubongo zisizoongeza chochote. Wasio wataalamu waliyaona maelezo mabovu yanaridhisha zaidi yakishapambwa hivyo. Hili nimelibandika ukutani mbele ya meza yangu, maana na mimi nauza kitu kwa jina la ubongo.

Ninachouza ni hiki. Ubongo wa mpokeaji maziwa siwezi kuugusa. Naweza kugusa ratiba yake na maswali anayoulizwa. Eric Kandel, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, alitumia miaka mingi kumchunguza Aplysia, konokono wa baharini mwenye seli za neva kubwa kupindukia. Konokono huyo akifundishwa kwa mkupuo, kumbukumbu hudumu kidogo. Akifundishwa kiasi kilekile kwa vipindi vilivyoachana, hudumu kwa wiki kadhaa. Ili kumbukumbu ya muda mrefu ijengeke, seli lazima itengeneze protini mpya na kuimarisha viungio vyake na seli jirani, na ujenzi huo hauharakishwi kwa kuongeza kurasa za projekta. Semina ya siku mbili ni mkupuo.

Februari, wiki ya kwanza

Maelezo ya mhasibu yamekamilika. Kurasa mbili tu.

Nimeanza na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejikaririsha silabi zisizo na maana, akajipima mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885. Ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imeyeyuka, na baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya hapo kasi ya kusahau hupungua sana: hata mwezi ulipopita alikuwa bado na kama sehemu moja ya tano. Maana yake kwetu ni kwamba marudio ya kwanza yaje mapema, kesho yake ikiwezekana, na yanayofuata yazidi kuachana.

Kisha Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, 2006. Wanafunzi wa chuo walipewa kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, wasomaji walikuwa wameshuka hadi 40 na waliojijaribu wako kwenye 61. Nao wasomaji ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hapo mhasibu alichora mstari kwa kalamu yake nyekundu, akaandika pembeni: "Kwa hiyo fomu zetu zinapima dakika tano?" Sikutegemea aelewe haraka hivyo. Ndiyo, fomu zetu zinapima dakika tano.

Ukurasa wa pili niliuacha kwa jambo lililotokea nchini kwetu. Mwaka 2010 wakunga na wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha na kumsugua, kumsafisha njia ya hewa, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere, na walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti walikuwa pia wanaangalia chumba cha kujifungulia chenyewe, na huko hakuna kilichobadilika. Walijua, na kujua hakukufika kitandani.

Hawakuongeza siku za semina. Walileta mazoezi mafupi palepale kazini, ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, mwanasesere akiwa karibu na mahali watoto wanapozaliwa. Katika mwaka uliofuata vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wahudumu walewale, hospitali ileile. Sisi tunashughulika na maziwa, na sitaki kulinganisha uzito wa kazi hizi mbili. Nataka tu kuiga ratiba yao.

Februari, wiki ya tatu

Muundo umekaa hivi. Kila asubuhi ya kazi, kabla ya keni ya kwanza kufika, msimamizi wa kituo anauliza swali moja au mawili. Hakuna kusoma kwanza. Wapokeaji wanajibu bila daftari, kisha wanafungua kadi na kusahihishana. Swali likijibiwa vizuri linarudi baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki kadhaa. Likishindwa, linarudi kesho. Kadi ziko kwenye boksi la viatu lenye vyumba vinne vya kadibodi. Mtu wa kompyuta alitaka kunitengenezea programu ya simu. Nimemshukuru, ila kituo kimoja hakina mtandao na kingine hakina chaji.

Mara moja kwa wiki kunakuwa na zoezi la chupa, na hapa ndipo nimeweka akili nyingi zaidi.

Vipimo vya mapokezi si vigumu kimoja kimoja. Unanusa na kuangalia. Unachanganya maziwa na alkoholi ya asilimia 68 kwa kiasi sawa kwenye testi tyubu, unaigeuza taratibu. Yakionyesha chembechembe ukutani mwa kioo, yana tatizo. Unatumbukiza laktomita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa: ya kawaida husoma kati ya 26 na 32 kwenye nyuzijoto 20. Joto likizidi 20, unaongeza 0.2 kwa kila nyuzi. Maziwa yanayosoma 25 kwenye nyuzi 25 kwa kweli ni 26, yamepona. Yanayosoma 25 kwenye nyuzi 18 hayajapona. Ugumu ni kuamua, foleni ikiwa ndefu na mfugaji kakukazia macho, kwamba keni *hii* ina tatizo *gani*.

Ukumbini tulikuwa tunafundisha kosa moja kwa wakati: asubuhi maji, mchana uchachu, kesho yake ugonjwa wa kiwele. Mshiriki akijua kwamba hii ni saa ya maji, hana cha kuamua. Anasema "maji" na anapigiwa makofi. Nate Kornell na Robert Bjork walilipima jambo la aina hiyo mwaka 2008 kwa picha za wachoraji. Waliozitazama picha za mchoraji mmoja mfululizo kabla ya kuhamia kwa mwingine walishindwa na walioziona zimechanganywa, pale wote walipotakiwa kutambua kazi mpya ni ya nani. Na wengi wao, hata baada ya kushindwa, waliendelea kuamini kwamba mfululizo ndio uliowasaidia.

Basi chupa zinachanganywa. Msimamizi anaandaa sampuli bila lebo, namba tu chini ya kitako: safi, yenye maji, iliyoachwa nje usiku, ya ng'ombe mwenye kiwele kigonjwa, ya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Wakati mwingine zote ni safi, ili mtu asizoee kukataa.

Machi, wiki ya kwanza

Malalamiko yameanza, na yamekuja kwa mpangilio niliouotea.

La kwanza ni posho. "Mwalimu, wenzetu wa vituo vya ng'ambo wameitwa mjini, sisi tunaulizwa maswali alfajiri kama watoto wa darasa la nne." Hili si la kudharau. Semina kwetu ni sehemu ya kipato, ni safari, ni kuonekana kwamba kazi yako inathaminiwa. Mtu anayedhani wafanyakazi wanakwenda semina kwa kiu ya elimu peke yake hajawahi kupanga bajeti ya mafunzo. Nimerudi kwa mhasibu: fedha ya ukumbi iliyookolewa, sehemu yake igawiwe wapokeaji wa vituo vya majaribio kama posho ya mafunzo, mwisho wa kila mwezi. Kakubali kwa shingo upande.

La pili ni zito zaidi kwa mradi. Wanasema hawajifunzi. Wanakosea mno, ukumbini walikuwa wanaelewa kila kitu, hapa kila Ijumaa chupa zinawaumbua. Dada mmoja, mpokeaji mzuri kuliko wengi, aliniambia wazi: "Kwa njia hii najiona mjinga."

Nilimsimulia habari ya maposta wa Uingereza. Posta ya huko ilipokuwa inaleta mashine za kuchambua barua kwa namba za posta, ilihitaji kuwafundisha wafanyakazi kuchapa. Alan Baddeley na D. J. A. Longman waligawa maposta 72 kwenye ratiba tofauti na kutoa matokeo mwaka 1978. Waliojifunza saa moja tu kwa siku walifikia kiwango kwa jumla ya saa pungufu kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. Na walipoulizwa, wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa sababu waliona siku zinapita na wenzao wako mbele. Mtu hupima maendeleo yake kwa kalenda, na kwa urahisi anaousikia kichwani. Dada alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa, ila hao waliongezwa mshahara?"

Nimeifuta fomu ya tathmini kwenye vituo vya majaribio. Ofisi ya rasilimali watu imeniandikia barua kuuliza viambatanisho vya robo mwaka viko wapi.

Machi, wiki ya tatu

Maziwa ni mengi, mvua imeotesha majani, keni zinafika mapema na foleni inaanza gizani. Kituo kimoja kimeacha maswali wiki nzima. Nimekubali. Mapumziko hayo yanaangukia vizuri kwa kadi zilizokuwa zinatakiwa kuachana, na kwa zile mpya tutaanza upya.

Aprili, wiki ya pili

Nimeshinda kituoni tangu saa kumi na mbili. Nataka kuandika nilichokiona kabla hakijapoa.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mzee mmoja alileta keni yake, mfugaji wa siku nyingi, mtu wa kuheshimika pale kijijini. Yule dada aliyejiona mjinga ndiye aliyekuwa zamu. Alinusa: safi. Laktomita: iko juu ya kawaida kidogo, si dalili ya maji. Akaweka alkoholi, akageuza tyubu, chembe zikajitokeza.

Mwaka jana hapo tungepata moja kati ya mawili: kupitisha kwa aibu ya kumkatalia mzee, au kukataa kwa ukali na neno "yamechachuka" ambalo mzee angejua si kweli, kwa kuwa anajua pua yake.

"Shikamoo baba. Njoo uone mwenyewe hapa."

Mzee akainama kwenye kioo. "Marahaba. Mbona ng'ombe walewale, malisho yaleyale, mwanangu?"

"Hayajachachuka, baba. Kuna aliyezaa?"

Kimya kidogo. Kuna aliyezaa, juzi. Kijana wa kukamua alikuwa amechanganya dang'a na maziwa ya wengine. Keni ilirudi nyumbani, mzee akaondoka akimnung'unikia kijana wake, si kituo, na kesho yake alirudi na keni safi.

Nilimuuliza baadaye alilipataje swali lile katikati ya foleni. Alisema alikuwa ameulizwa wiki iliyopita: *alkoholi inakataa lakini pua inakubali, taja sababu.* Alikuwa ametaja kiwele akasahau dang'a, na wenzake walimcheka. Kicheko hicho, nadhani, kilifanya kazi kuliko kadi yenyewe. Kukosea kwa ujasiri kisha kusahihishwa palepale huacha alama. Watafiti wa kumbukumbu wameliona hilo mara nyingi. Ila linataka kituo ambacho kucheka hakuwi kudhalilisha, na hilo ni kazi ya msimamizi kuliko ya sayansi yoyote. Kwenye kituo kingine msimamizi anayatumia maswali kama kiboko, na huko boksi la viatu limejaa vumbi. Nimezungumza naye. Nitamzungusha aende akakae siku chache na mwenzake wa kituo hiki.

Mei, wiki ya kwanza

Maswali yamesimamishwa kwa makusudi kwenye vituo vyote vya majaribio. Mwezi mzima wa kimya, kisha upimaji. Ukipima mara tu baada ya mazoezi, unajidanganya kwa namna ileile ya fomu.

Mei, wiki ya mwisho

Tumepima. Fundi wa maabara aliandaa sampuli, zikasafirishwa kwa bodaboda ndani ya boksi la barafu, hakuna mtu kituoni aliyejua kilichomo, wala mimi sikuambiwa namba. Vituo vya majaribio na vituo vilivyopata semina ya ukumbini Januari vilipimwa kwa chupa zilezile. Idadi ya watu ni ndogo mno kuifanyia hesabu za asilimia, kwa hiyo naandika kwa maneno.

Wa ukumbini bado wanajua kusema. Wote walitaja kiwango cha laktomita bila kusita, baadhi hata wakaeleza kwa nini maji hushusha usomaji. Lakini wengi wao hawakugusa kipimajoto. Walisoma namba, wakatoa hukumu. Kwa sampuli iliyokuwa na joto zaidi ya nyuzi 20 hukumu hiyo ilikuwa mbaya, wakakataa maziwa mazuri. Chupa ya dang'a waliiita iliyochachuka, karibu wote.

Wa vituo vya majaribio, karibu wote walipima joto kwanza, na wengi wao waliitambua dang'a. Fundi wa maabara, ambaye tangu Januari alikuwa ananiita "daktari wa ubongo", ameacha.

Mambo mawili yamewashinda wote, na yanafundisha zaidi ya ushindi.

Chupa moja ilikuwa ya ujanja: fundi aliengua mafuta, usomaji ukapanda, kisha akaongeza maji, usomaji ukashuka ukakaa palepale pa kawaida. Laktomita haiwezi kuuona wizi huo, na hakuna mafunzo yatakayoipa macho. Kinachohitajika ni kupima mafuta. Nimeandika hivyo kwenye ripoti kwa herufi kubwa, kwa sababu najua mtu atapendekeza "waelimishwe zaidi".

La pili ni mkono. Baadhi ya wapokeaji wetu walijibu vizuri kila swali, lakini walimimina maziwa kwa haraka hadi povu likajaa, au wakaiacha laktomita iegemee ukuta wa silinda, ikasoma uongo. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili, akabaki hawezi kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku hadi siku mkono uliboreka, ingawa kila mara alidai hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono una njia yake kwenye ubongo, na swali la kinywa haliipiti njia hiyo. Kuanzia Juni, kila zoezi la chupa litaanza na kumimina: polepole, ukutani mwa silinda, subiri povu litulie, laktomita ielee huru, jicho liwe usawa wa maziwa. Dakika moja, kila wiki, kwa mkono, bila hotuba.

Juni, wiki ya pili

Kikao cha uongozi. Mradi wa vituo umepewa ruhusa ya kuendelea, na vituo vya ukumbini vitaingizwa kwa zamu. Semina moja ya mwaka nimeibakiza. Watu wa vituo mbalimbali wanahitaji kuonana, na mjini wanapeana mbinu za kushughulika na wachuuzi ambazo haziko kwenye kadi yoyote. Rasilimali watu wamekubali kupokea matokeo ya chupa badala ya fomu, ila wanataka yawe kwenye fomu.

Kisha meneja uzalishaji akaomba boksi la viatu lingine kwa timu ya usafi wa mitambo. Nimekataa, na nimeandika sababu ili isionekane ni uvivu.

Kusafisha mitambo ya maziwa bila kuifungua ni mfuatano: maji, kostiki ya moto, maji, asidi ya naitriki, maji, kisha kiua vijidudu. Kila hatua ina joto lake, muda wake na valvu zake. Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kwamba akili hubeba vitu kama vinne kwa wakati mmoja. Mfuatano huu unazidi hapo, unafanywa usiku wa manane na mtu aliyechoka, na kosa lake si keni moja. Asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi inayoua. Mpokeaji maziwa namfundisha akumbuke kwa sababu lazima aamue haraka mbele ya mfugaji. Msafishaji hana foleni. Kwake sitaki akumbuke, nataka asome.

Kwa hiyo nimependekeza kadi iliyowekwa plastiki kwenye kila tangi, hatua moja kwa mstari, na mahali pa kutia saini kabla ya kuhamia hatua inayofuata. Klorini ihifadhiwe chumba tofauti na asidi. Valvu za asidi zipakwe rangi na ziwe na kiunganishi kisichoingia kwenye bomba la klorini hata mtu akilazimisha. Meneja amesaini kadi na chumba. Viunganishi vinasubiri bei ya fundi kutoka Mbeya, na hadi vifike nimeomba usafi wa usiku usifanywe na mtu mmoja peke yake.